Mzoga wa Kwanza

Mazungumzo na wakazi wa kando ya Ziwa Manyara, Mto wa Mbu. Nimeyaandika upya kutoka kwenye madokezo yangu, karibu kama nilivyoyasema.

Wazee wangu, shikamoni. Kina mama, vijana, ndugu waongoza watalii, walimu na wanafunzi mliokuja na sare zenu, nawasalimu wote. Ahsanteni kwa kivuli hiki na kwa chai.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniomba nizungumzie magonjwa ya ndege wa ziwani. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi, kwa sababu kuna jambo nimelibeba tangu nilipoanza kazi, na leo ningependa kulitua mbele ya watu wanaoweza kulifanyia kitu.

Nilikuwa daktari mgeni kabisa wa wanyama. Mzee mmoja mfugaji alitembea kuanzia alfajiri hadi jua la utosini kuja kutuambia kwamba heroe, wale ndege ambao wengine huwaita flamingo, wanaanguka kando ya ziwa la magadi lililo karibu na boma lake. Hakutumwa na mtu. Asubuhi ya kwanza aliona ndege saba, ya pili thelathini, na ya tatu aliacha kuhesabu akachukua fimbo yake akaja. Maneno yake yaliandikwa kwenye karatasi, karatasi ikaingia kwenye jalada, na jalada likakaa likisubiri sahihi. Zilipita siku tisa. Tulipofika, kongoti na fisi walikuwa wameshapita. Yalibaki manyoya ya waridi yaliyogandamana na magadi, na miili iliyoiva kwa jua hata ukiigusa inaachana mkononi. Nilikata ini la ndege mmoja nikalitia kwenye chupa, huku moyoni nikijua kwamba nalichukua ili nisirudi mikono mitupu. Maabara ilijibu kwa mstari mmoja: sampuli haifai kwa uchunguzi.

Yule mzee alikuwa amesimama na sisi pale ufukweni siku nzima. Tulipokuwa tunapakia vitu kwenye gari aliniuliza, "Daktari, mmejua kilichowaua?" Nikamwambia hapana. Akauliza tena, "Na wakianza kufa mwakani, mtajua?" Sikumjibu. Leo nimekuja kumjibu yeye kupitia ninyi: tutajua, iwapo mzoga wa kwanza utaonwa na mtu anayejua la kufanya nao, siku ileile.

Ninyi mnaishi na heroe, kwa hiyo sina haja ya kuwasimulia uzuri wao. Nitawakumbusha tu jinsi maisha yao yalivyofungika. Heroe mdogo, huyu anayelipaka ziwa rangi ya waridi, chakula chake kikuu ni mwani mdogo sana unaoitwa spirulina, unaoota kwenye maji ya magadi. Karibu heroe wote wadogo wa Afrika Mashariki huzaliwa sehemu moja, Ziwa Natron, hapo kaskazini yetu. Kutoka huko huzunguka usiku kwa usiku: Manyara, Momela, Eyasi, Bogoria, Nakuru, Elmenteita, popote mwani ulipo. Ndege mliyemwona hapa jana huenda leo yuko Kenya. Ukisikia kwamba wapo zaidi ya milioni moja unaweza kudhani hawana shida. Lakini ndege anayezaliana mahali pamoja na kula chakula kimoja ni kama familia kubwa iliyolala chumba kimoja. Moto ukishika, hauchagui.

Na moto umeshashika mara nyingi. Mwaka 1993 walikufa kwa maelfu Bogoria na Nakuru. Wakafa tena miaka ya katikati ya tisini, tena mwishoni mwa muongo huo, tena 2006, tena 2008. Hapa kwetu, 2004, walikufa Manyara na Momela, na wazee waliopo hapa wanaukumbuka ule mwaka na ile harufu. Wataalamu waliochunguza maji ya Manyara na Momela walikuta mwani wa aina nyingine, wenye sumu zinazoharibu ini na mishipa ya fahamu, na wakaona kwamba sumu hizo zinaweza kuhusika na vifo vile. Kule Bogoria sumu za namna hiyo zilikutwa hata kwenye utando wa mwani unaoota kandokando ya chemchemi za maji moto, mahali ambapo heroe huenda kunywa na kuoga. Lakini Kenya walikuta pia ndege wenye bakteria jamaa ya kifua kikuu, wale wa aina inayoshambulia ndege. Walikuta metali nzito mwilini, na wengine wakanyoosha kidole kwa maji machafu ya viwanda na mji wa Nakuru. Na siku zote njaa ilikuwepo nyuma ya yote, kwa sababu spirulina ikipungua ziwani ndege hudhoofika, na ndege dhaifu huuawa na kitu ambacho mwenye afya angekishinda.

Kwa hiyo ukiniuliza heroe wa Bonde la Ufa huuawa na nini, nitakutajia mambo manne, na kila moja lina ushahidi wake. Huenda yote manne ni kweli kwa miaka tofauti. Lakini miaka thelathini ya mabishano imetokana kwa sehemu kubwa na jambo dogo la aibu: mara nyingi wataalamu tulifika tumechelewa. Jua la kando ya ziwa la magadi halimsubiri daktari. Ini la ndege aliyekufa alfajiri, adhuhuri tayari limeanza kusema uongo.

Sasa nataka niwapeleke mbali kidogo, halafu tutarudi.

Kuna ndege anaitwa domomwiko uso-mweusi. Sisi huku tuna domomwiko wetu, mweupe mwenye uso mwekundu, mnamwona akifagia maji kwa ule mdomo kama mwiko wa ugali. Yule wa uso mweusi ni wa Asia ya Mashariki. Anazaa kwenye visiwa vya pwani ya rasi ya Korea, na majira ya baridi sehemu kubwa yao hushukia kwenye matope ya mlango wa mto Tsengwen, karibu na mji wa Tainan, kisiwani Taiwan. Mwaka 2002 dunia nzima ilikuwa na ndege hawa kama elfu moja tu. Fikirini hilo. Wanafunzi wa shule mbili za hapa wanawazidi.

Kila majira hayo ya baridi watu wa pale husimama juu ya tuta la bahari na darubini zao wakiwahesabu. Walimu, wafugaji wa samaki, wastaafu. Desemba 2002 waliona ndege wameanza kutembea kama walevi. Wengine walishindwa kuruka. Wengine walilala kifudifudi kwenye maji ya kina cha kiganja wakazama, kwa sababu shingo haikuweza tena kuinua kichwa. Ugonjwa huo unaitwa botulizimu, na naomba niueleze taratibu, kwa kuwa ukiuelewa huu utaelewa kwa nini nasema habari ya mzoga wa kwanza.

Bakteria wake wanaishi kwenye matope. Wapo karibu kila mahali, na kwa kawaida wamelala, wamejifunga kama mbegu wakati wa kiangazi. Wakipata vitu vitatu wanaamka: joto, mahali pasipo na hewa, na nyama. Mzoga una vyote vitatu. Wakiamka hutengeneza sumu kali inayokata mawasiliano kati ya mshipa wa fahamu na msuli. Inzi hutaga kwenye mzoga, funza wanatoka, wanakula ile nyama yenye sumu, na wao haiwadhuru hata kidogo. Ndege mwenye afya anapita, anaona funza wanono, anadonoa. Bata akila watatu au wanne wanatosha kumuua. Naye akifa anakuwa mzoga, mzoga wenye maelfu ya funza, na ndege wengine wanakuja. Mzoga mmoja leo unaweza kuwa kumi keshokutwa na mia wiki ijayo, hata kama ziwa halijabadilika na hakuna mgonjwa mpya aliyeingia kutoka nje. Mizoga yenyewe ndiyo inayoutunza ugonjwa.

Ndiyo maana tiba yake ya kwanza inafanywa kwa miguu. Watu wanaingia kwenye maji na viroba, wanaokota, wanarudi kesho, wanaokota tena. Kule Tainan ndege wagonjwa walibebwa, wakapewa kinga dhidi ya sumu, wakanyweshwa maji, wakashikiliwa vichwa hadi misuli irudi. Ndege 90 waliugua. Waliokufa ni 73. Waliopona na kurudishwa porini ni 17. Kwa ndege aliyebaki elfu moja duniani, 73 ni msiba mkubwa, na watu wa pale waliulilia kweli. Lakini ugonjwa ulisimama hapo. Hesabu ya kimataifa ya mwaka 2024 ilikuta domomwiko uso-mweusi 6,988. Ongezeko hilo lina sababu nyingi: maeneo yamelindwa, na hifadhi ya taifa ya Taijiang ilianzishwa 2009 kwenye pwani ileile. Hata hivyo mimi huwa nawafikiria wale watu wa kwenye tuta. Kama wangekuwa hawana mazoea ya kuwaangalia ndege wakiwa wazima, wasingetambua mwendo wa kilevi siku za kwanza. Wangekuja kuziba pua wakiwa wamechelewa, kama nilivyofanya mimi.

Kuna kisa kingine cha ugonjwa huohuo ambacho nitakipitia haraka. Katika bahari ya Pasifiki kuna bata mdogo wa kisiwa cha Laysan, ambaye mwanzoni mwa karne iliyopita alibaki idadi ya kuhesabika kwa vidole. Mwaka 2004 na 2005 wahifadhi walichukua bata 42 wakawapeleka kisiwa kingine, Midway, ili kuwe na kundi la pili. Walizaliana vizuri sana. Halafu 2008 botulizimu iliingia ikaua zaidi ya 180. Lakini kundi halikufutika, na leo bata wale bado wapo Midway. Na kwenye kisiwa cha Kauai, Hawaii, ambako bata mwingine aliye hatarini hufa kwa botulizimu kwenye mabwawa ya Hanalei, walimfundisha mbwa kunusa mizoga. Mizoga hujificha ndani ya majani marefu, jicho la binadamu linapita juu yake, pua ya mbwa haipiti. Nawaambia hili kwa sababu nimeona mbwa wenu hapa wanavyojua kutafuta. Mimi nadhani ni wazo la kufanyiwa kazi, ila mbwa lazima afungwe kamba na azuiwe kula anachokipata.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hukosea, hata wenye vyeti. Niliyowaeleza ni botulizimu. Ukiyachukua ukayafanya kwa kila ugonjwa, unaweza kuua ndege wengi kuliko ugonjwa wenyewe.

Chukueni mafua makali ya ndege. Kaskazini mwa Ugiriki kuna ziwa linaitwa Mikri Prespa, na ndani ya matete yake palikuwa na kundi kubwa kuliko yote duniani la mwari wa Dalmatia, mwari mkubwa mwenye kishungi cha manyoya yaliyosokotana. Watu wa pale walikuwa wamefanya kazi zaidi ya miaka thelathini kumrudisha ndege yule kutoka kwenye hali mbaya. Walihangaika na viota, na nyaya za umeme zilizokuwa zikimuua, na wavuvi waliomwona kama mwizi. Februari 2022 mwari walianza kufa. Ndani ya wiki chache walikuwa wamekufa zaidi ya 1,400 katika kundi lile moja, na katika nchi nzima ya Ugiriki zaidi ya 1,700. Zaidi ya nusu ya mwari wote wa aina hiyo waliokuwa wakizaliana nchini humo waliondoka kwa majira mamoja ya ugonjwa. Mimi niliposoma taarifa zile nilitoka nje nikakaa peke yangu.

Kirusi cha mafua hakihitaji funza. Kinapita kwa kinyesi, kwa makamasi, kwa maji ambayo ndege wote wanakunywa, na maji yakiwa ya baridi kinadumu humo siku nyingi. Ukiingia kundini kwa kishindo kuokota mizoga, ndege walio hai wanaruka, na wengine tayari wana kirusi. Wanakwenda kutua ziwa jingine. Umewabeba wewe. Kwa hiyo kwenye mafua mtu huingia taratibu, watu wachache, waliofunika mikono na pua, wakati ambao ndege hawatatawanyika. Na kama mizoga ipo katikati ya viota, kuna nyakati ambapo uamuzi sahihi ni kusubiri. Kusubiri kunauma, lakini kuna faida yake.

Na kwenye sumu ya mwani? Huko kuokota mizoga ni usafi mzuri, lakini hakuzuii kifo kinachofuata, kwa sababu sumu iko kwenye maji. Hapo kinachotakiwa ni chupa ya maji yale, na baada ya hapo macho yageuke kutazama mto: mbolea inayotoka mashambani, maji yanayoingia na yale yaliyozuiwa yasiingie. Ninyi mnaolima mpunga hapa juu mnajua mto unabeba nini zaidi yangu.

Kisha kuna ambacho si ugonjwa kabisa. Korongo taji, yule mwenye taji la dhahabu, yumo kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka tangu 2012, na idadi yake imeporomoka kwa zaidi ya nusu katika kipindi cha maisha ya mtu mzima mmoja. Mkiwakuta korongo kumi wamelala pamoja kwenye shamba lililopandwa juzi, na karibu yao kuna njiwa waliokufa pia, msikimbilie kusema mafua. Mara nyingi hiyo ni mbegu iliyotiwa sumu. Mzoga uleule, na sampuli ileile, lakini safari hii majibu hayaendi kwa daktari peke yake, yanakwenda pia kituo cha polisi.

Mnaona basi? Magonjwa manne au matano, na kila moja linadai jibu lake, mengine majibu yanayopingana. Botulizimu inasema ingia haraka, mafua yanasema ingia polepole. Mtu aliyesimama ufukweni hawezi kujua kwa kutazama, hata mimi siwezi. Ndiyo sababu sitawafundisha leo kutibu ndege. Nawaomba kazi inayotangulia tiba, ambayo bila hiyo sisi wenye mabegi ya dawa tunakuja kupiga picha tu.

Jambo la kwanza ni kutomgusa kwa mkono mtupu, na kutomla. Najua kuna nyumba ambazo bata akikutwa amekufa kando ya maji anachukuliwa akaungwa chunguni. Naomba iishe. Watoto waelezwe hivyo nyumbani, kwa lugha ya nyumbani, kwani wao ndio wanaofika kwenye maji kabla yetu.

La pili, hesabu. Andika umeona wangapi, wa aina gani, saa ngapi, wapi. Na andika walio hai wanafanya nini: wanapepesuka, wanapiga chafya, shingo imelegea, au wanaonekana wazima na wamekonda. Neno "shingo imelegea" likiniingia kwenye simu asubuhi, mimi kabla sijawasha gari nimeshajua nibebe nini.

La tatu linahitaji vifaa, na hapa nitazungumza na viongozi waliokaa mbele. Ndege aliyekufa saa chache zilizopita, akiwekwa kwenye mifuko miwili ya plastiki, moja ndani ya nyingine, akalazwa kwenye deli lenye barafu, anaweza kufika Arusha akiwa bado na habari. Deli ni lile lile la kuuzia samaki na aiskrimu. Barafu ipo kwa kila mwenye friza hapa sokoni. Asigandishwe, apoozwe tu. Jozi za glovu, barakoa, mabuti ya mpira, dawa ya kunyunyizia mabuti ukitoka. Nimepiga hesabu, na vyote pamoja havizidi posho ya kikao kimoja. Mtu mmoja aliyefundishwa ndiye afanye, na afanye kwa kibali cha wenye mamlaka, hifadhi au halmashauri, kutegemea mzoga umeangukia upande gani. Kibali hicho kitafutwe sasa, wakati hakuna ndege anayekufa. Zile siku tisa nilizowasimulia zilipotea kwa sababu kila mtu alikuwa anatafuta ruhusa wakati mizoga inaoza.

Na tafadhali, msichome moto kabla ya sampuli. Nimefika mahali nikakuta majivu na watu wamesimama kwa fahari, wamesafisha. Walifanya kwa nia njema, sikuweza kuwakemea. Lakini kilichowaua ndege wale kiliteketea pamoja nao.

Nimebakiza jambo gumu, na nitalisema wazi kwa kuwa najua liko vichwani mwenu. Mtu anaona ndege wamekufa, ananyamaza. Ananyamaza kwa sababu ana kuku arobaini na mke wake anauza mayai. Au kwa sababu ana nyumba ya wageni na watalii wakisikia neno mafua watakwenda kwingine. Simlaumu. Januari 2017, pale Lutembe, ghuba ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe, walikufa buabua wengi, ndege wa majini waliotoka Ulaya na Asia kuja kukwepa baridi. Ikathibitika ni mafua ya ndege, aina ya H5N8. Nchi jirani, Kenya na Rwanda zikiwemo, zilizuia kuku wa Uganda wasivuke mpaka, na mfugaji ambaye hakuwahi kumwona buabua hata mmoja alipata hasara. Hofu ya mtu huyo ina msingi.

Lakini tuifuate hofu hiyo mpaka mwisho wake. Ukinyamaza na ikawa ni mafua, kuku wako wanaokwenda kunywa kwenye mfereji watakufa ndani ya siku chache, na wa jirani yako, na sasa katazo litakuwa la wilaya nzima badala ya kijiji kimoja. Ukisema siku ya kwanza, kuna nafasi ya kufungia kuku ndani na kuzuia bata wasiende ziwani. Na mara nyingi majibu yanarudi kwamba siyo mafua kabisa, ni sumu ya mwani au ni njaa, na uvumi unakufa. Mnaujua mdondo, mnajua jinsi banda zima linavyoisha usiku mmoja. Hakuna mama hapa aliyewahi kuokoa kuku wake kwa kuficha mdondo.

Upande wangu nina deni pia. Watu wakisema, lazima wajibiwe. Mzee yule alitembea nusu siku, na hakuna aliyerudi kumwambia chochote kwa sababu hatukuwa na cha kumwambia. Mtu akitoa taarifa mara mbili asisikie kitu, mara ya tatu hatatoa. Kwa hiyo nimeahidi mbele ya mwenyekiti, na narudia mbele yenu: kila sampuli itakayotoka hapa, majibu yake yatabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, hata yakiwa ni kwamba hatujapata sababu.

Kuna mfano mmoja wa jirani unaonipa moyo. Rwanda walikuwa na korongo taji wengi waliofungwa majumbani na hotelini kama mapambo, wamekatwa mabawa. Daktari wa wanyama, Olivier Nsengimana, na wenzake walianza kuwakusanya. Wenye uwezo wa kuruka walipelekwa hifadhi ya Akagera, na wale ambao mabawa yao hayatapona tena walitengenezewa ardhioevu yao Kigali, inaitwa Umusambi. Ninachokipenda mimi kama daktari ni kwamba ndege hawakutolewa kwenye ua wa hoteli wakamwagwa porini siku hiyohiyo. Walipimwa afya kwanza. Ndege aliyelala na kuku miaka mitano anaweza kubeba maradhi ya kuku mpaka kwa korongo wa porini ambao hawana kinga nayo, na huruma ikageuka kuwa mlipuko. Kama kuna mtu hapa anafuga korongo nyumbani, na najua yupo, tusimwachie usiku kimyakimya kwa kuogopa. Aje tuongee. Sikuja na pingu.

Nimeona mkono wa binti pale nyuma, wa kidato cha tatu nadhani, ameuliza kwenye karatasi: "Je, chanjo haipo?" Swali zuri sana. Kwa ndege wachache walio kwenye uangalizi, inawezekana. Mwaka 1984 nchini Marekani, kwenye kituo cha Patuxent, korongo wakubwa weupe waliobaki wachache sana duniani walishambuliwa na kirusi kinacholetwa na mbu. Walikufa saba kati ya 39 waliokuwa wakitunzwa hapo. Baadaye korongo wa kituo kile walianza kuchanjwa. Lakini heroe milioni, wanaolala leo hapa na kesho Natron, hakuna mwenye mikono ya kuwachanja. Kinga yao ni maji safi, chakula, na maziwa mengi ya kuhamia, ili kundi lisilazimike kubanana sehemu moja. Binti, ukisomea kazi hii nitafurahi, na utanikuta nimeshastaafu, utanifundisha wewe.

Kwenye gari nina madaftari kumi na mawili, penseli, maana kalamu ya wino inakufa kwenye unyevu, na deli mbili ambazo nimezinunua kwa fedha yangu ili tusisubiri bajeti. Mwongoza watalii mmoja ameshajiandikisha kwa njia ya kutoka lango la hifadhi kwenda bwawa la viboko. Kina mama wa mashamba ya mpunga wamechukua mfereji mkubwa. Vijana wa bodaboda wanaopita kila siku upande wa mto Simba wamesema watagawana, mmoja Jumatatu, mwingine Alhamisi. Upande wa mashariki, kuanzia mto Makuyuni kushuka chini ambako ng'ombe wananywa, bado hauna mtu, na huko ndiko heroe walikuwa wengi jana jioni nilipopita. Nani anachunga huko?